Glasi tatu za Syrah pale Shangani

Kama hunywi pita tu ndugu yangu, hii si yako. Kwa wenzangu sasa, kuna mgahawa Shangani hapa Unguja upande wa baharini, siku hizi wanakuletea glasi tatu ndogo za waini nyekundu, zote zabibu ya Syrah ila kila moja na nchi yake, na mie nasema inalipa japo bei imechangamka.

Ya kwanza Crozes-Hermitage, bonde la mto Rhône Ufaransa, ndo kwao hasa Syrah. Ukiinusa tu unakutana na pilipili manga, ile ya Kizimbani ukiitwanga saa hiyohiyo, na wala sio watu wa waini wanajifanya, kwenye ganda la zabibu mna kitu kinaitwa rotundoni na ndo hichohicho kinachonukia kwenye pilipili manga, watafiti Australia walikitangaza 2008. Sehemu zenye ubaridi kinatoka zaidi ndo maana hii inakupanda puani kuliko za jua kali. Mdomoni sio nzito, ina uchachu mzuri, ukakasi wa kiasi, kwa mbali zeituni na moshi. Hii imenimaliza.

Ya pili Barossa, Australia, kule wanaiita Shiraz. Mtaalamu wa zabibu James Busby ndo alipeleka miche kule 1832, na Barossa mpaka leo ipo mizabibu ya 1843 bado inazaa, fikiria. Nyeusi tii, matunda kama jamu, alkoholi asilimia 14.5, glasi ya pili unaanza kusalimia watu usiowajua. Mezani mwenzetu mmoja akaibuka eti hii asili yake mji wa Shiraz kule Iran, walikotoka Washirazi wetu wa Kizimkazi, basi mjadala mpaka chakula kikapoa, ila DNA ilishamaliza kesi 1998, wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, zabibu za Ufaransa zote mbili.

Ya tatu Swartland, Afrika Kusini, kaskazini ya Cape Town. Ipo katikati ya zile mbili, pilipili ipo, matunda yapo, haina makuu. Ningeinunua chupa nzima.

Sasa lawama. Zote zimekuja vuguvugu, na waini nyekundu ikipata joto alkoholi inaruka mbele unanusa spiriti tu, ya Barossa ndo ilikuwa mbaya zaidi. Naomba barafu, kijana ananambia "samahani kaka, nyekundu inanywewa kwa joto la chumba". Nikamwambia mdogo wangu, hicho chumba ni cha Ulaya, hapa Unguja mwezi wa pili chumba kinapiga 30 na Syrah inataka 16 mpaka 18. Akacheka, akaenda kuleta ndoo, dakika kumi tu na ya Barossa ikatulia ikawa waini nyengine kabisa. Nyumbani itieni friji nusu saa kabla hamjafungua.

Chakula, agiza mishkaki ya ng'ombe au pilau ya nyama, yale mafuta na bizari vinakubaliana nayo sana hasa ile ya Rhône. Pweza wa nazi hapana, nazi na ule ukakasi havipatani hata kidogo, na pilipili mbuzi usiikaribishe kabisa maana alkoholi inaichochea, utatoka machozi. Mwambieni tu mhudumu mapema aanze kuzipoza, na ya Ufaransa inywewe ya kwanza, ukitanguliza Barossa hutaisikia tena.