Laina ya bwawa kutoka duka moja Industrial Area, nyota nne

Kama unaishi Nairobi na wazazi wako shambani huko Gatanga ama Nyeri, soma hii kabla hujanunua. Nilimnunulia mamangu laina, ile plastiki nyeusi nzito ya kutandika kwa bwawa la kuvuna mvua, ya unene wa nusu milimita, na kiangazi kimepita haijavuja hata kidogo, sahi anamwagilia sukuma na kabeji wakati sokoni bei iko juu. Vipande waliviunganisha na mashine ya moto, mama akapitisha kidole kwa maungio yote akitafuta tundu, hakupata. Nyota moja nimeondoa juu ya kuleta mzigo, tuliambiwa kesho ikawa wiki na shimo lishachimbwa, mvua ikaanza kubomoa kingo.

Vipimo jueni wenyewe. Bwawa la mita 10 kwa 6 lenye kina cha 2, kwa urefu na kwa upana ongeza mita 4 za kuta na zingine 2 za kufukia ukingoni, so laina ni 16 kwa 12. Na muweke fensi jamani, mtoto akiteleza kwa hiyo plastiki hawezi kupanda juu.

Karibu asilimia 95 ya maji ya Nairobi yanatoka bonde la Tana, na udongo wa mashamba kama letu ukisombwa unaishia mabwawa kama Ndakaini. Mama ameambiwa kwa baraza miaka na miaka achimbe fanya juu, ile mitaro ya kuzuia udongo ambayo unarusha udongo upande wa juu, hakuchimba, kwa sababu ni jasho, inakula shamba na faida iko mbali. Kilichomvuta kwa kikundi cha watumiaji maji ni nyasi ya nepia ya jirani, ile ya kushika matuta, alipoona ng'ombe wa jirani wanashiba kiangazi chote. Ndio maana naukubali sana Mfuko wa Maji wa Upper Tana-Nairobi, ule ulizinduliwa 2015 kusaidia wakulima wa huko juu kushika udongo na maji, mkulima anaanza na kitu kitamfaa yeye mwenyewe hapo kwake, Nairobi nayo inapata maji yasiyo na tope. Shida kubwa naona ni kwa wenye wanakodi, nani apande miti kwa shamba mwenyewe anaweza kulichukua mwakani?

Kwa kikundi cha mama walichimba mabwawa kwa zamu, peke yake hangeweza. Kama pia nyinyi mko kikundi ulizeni bei ya roli nzima, usafiri pia mnagawana.