Miaka miwili na washairi wa WhatsApp: uzoefu wangu

Nianze na gharama, maana najua ndiyo mtakayouliza kwanza. Kujiunga ni bure. Kinacholiwa ni bando. Kundi letu linapenda sauti kuliko maandishi, na sauti za kughani, yaani kusoma shairi kwa mahadhi, ni ndefu, dakika tatu, dakika nne. Simu huzipakua yenyewe, na ukiacha data wazi siku nzima, bando la wiki halifiki Alhamisi. Mimi huzima data, nafungua ninapotaka kusikia. Na ninyi fanyeni hivyo siku ya kwanza, msingoje kujifunza kwa hasara kama mimi.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Korogwe: misumari, saruji, mabati, rangi. Mchana wa katikati ya wiki mteja ni wa kubahatisha, na hapo ndipo nilipoanza kuandika mashairi, nyuma ya daftari la madeni. Sikusomea. Shuleni nilikariri dhamira na mtindo kwa ajili ya mtihani, nikafaulu, nikasahau. Baba alipofariki ndipo maneno yakaanza kunijia, na mengi yalikuja yakiwa yamepangwa kwa vina, kama vile yalikuwa yamekaa mahali yakinisubiri.

Kabla ya kundi hili nilikuwa kwenye jingine, kubwa sana, la Facebook. Huko ukiweka chochote unapata "Hongera malenga", "Kalamu nzito hii", moto, makofi, moto. Nilifurahi miezi sita. Halafu siku moja, kwa kukosea, nikabandika humo orodha ya bei za mabati niliyokuwa namtumia mteja. Geji 28, geji 30, bei kwa kila bati. Nikapata makofi kumi na moja, na mmoja akaniandikia: "Ujumbe mzito, malenga." Nikatoka jioni ile ile.

Hili la pili nililetwa na mteja wangu, fundi rangi, ambaye sikujua kama anatunga. Tuko kama sitini. Wapo wa Tanga na Pemba, wapo wa Mombasa, kuna mwalimu wa Kiswahili wa sekondari huko Kisumu, kijana mmoja wa Lubumbashi, na mama mmoja aliyeko Muscat ambaye huandika usiku wa manane waajiri wake wakiwa wamelala. Jina la kundi silitaji kwa sababu kiongozi hataki umati. Ila sheria yake nitaisema, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nibaki: hongera tupu hairuhusiwi. Kabla hujamsifu mtu, hesabu kwanza. Taja mshororo, yaani mstari, taja kipande, yaani nusu ya mshororo, taja mizani, yaani silabi zake, kisha sema unachotaka.

Beti yangu ya kwanza niliyoiweka ilikuwa hii:

Baiskeli ya baba, kengele haina tena,
Kutu imeshashiba, mnyororo unaguna,
Ilibeba ya kubeba, mkaa, ndizi, watoto,
Ukutani imekaa, yamngoja mwenye nayo.

Nilikaa kaunta nikisubiri, simu mkononi, kama mtu anayesubiri majibu ya damu. Kilichokuja ni sauti ya mzee wa Pemba. Mzee huyu macho yamepungua nuru, herufi ndogo za simu hazisomi. Mjukuu humsomea, yeye anaghani. Alianza vizuri mno, mahadhi ya taratibu, mpaka nikapunguza sauti nisije nikalia mbele ya mteja. Akafika mshororo wa pili, akasimama. Nikamsikia anagonga meza kwa kidole: ku, tu, i, me, sha, shi, ba. Akarudia. Kisha akasema, "Mwanangu, hapa umenikopa mguu mmoja."

Saba. Kipande kilitakiwa kiwe na mizani nane, mimi nimempa saba. Nikamjibu kwa unyenyekevu, shikamoo mzee, mbona wapo waghani wanaovuta tu, shiiiba, na mambo yanakwenda? Akacheka. Akasema huko ni mghani kulipa deni la mtunzi, na yeye hamlipii mtu. Halafu akanipa dawa: "imesha" ni "imekwisha" iliyokatwa, basi irudishie kipande chake. Kutu imekwishashiba. Nane. Nimesimama nyuma ya mzani wa misumari kwa miaka kumi na moja, na hakuna siku niliyowahi kuridhika na mzani kama siku ile.

Mzee huyu, niseme, ana kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi, kile kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1954. Jalada lilishakwenda zamani, kurasa kazishona kwa uzi wa gunia. Sheikh Amri alishikilia kwamba shairi ni wimbo, lisiloimbika halina maana, na mzee amelichukua hilo kama lilivyo. Ndiyo maana hatoi maoni mpaka aghani. Wengine wetu tunahesabu kwa macho, yeye anahesabu kwa koo, na koo halidanganyiki.

Haikuishia hapo. Neno "baiskeli" lilileta ubishi wa siku mbili nzima. Upande mmoja ukasema ni mizani tano, kwa kuwa ile "s" inasimama peke yake kama "b" ya "labda". Upande wa pili ukasema mizani ni nne, "s" imeegemea "i", kwa hiyo hata mshororo wangu wa kwanza una upungufu. Mwalimu wa Kisumu alikuwa upande wa tano, kijana wa Lubumbashi upande wa nne, na kila mmoja alileta mifano mpaka nikasahau kwamba chanzo chake ni baiskeli ya marehemu baba yangu. Nikaandika "baisikeli" ili watu walale. Hiyo haina ubishi, ni tano kila upande.

Mshororo wa tatu nao ulikuwa na mizani kamili lakini kina kimetoroka: tena, unaguna, halafu watoto. Kuna mtu akapendekeza "ndizi, mkaa, na wana". Nilipinga. Nani huku kwetu anasema "wana" akimaanisha sisi tuliopakiwa kwenye keria miguu inaning'inia? Lakini nilitafuta wiki nzima na sikupata lililo bora. Nikaliweka. Hadi leo kila nikiisoma beti ile, "wana" linanikwaruza kidogo, na nadhani ni vizuri linikwaruze.

Sasa nije kwenye kilichonibakiza. Si marekebisho. Marekebisho hata mashine siku hizi inaweza kukupa. Usiku wa tatu dada mmoja wa Mombasa, ambaye hakuwa amesema lolote katika ubishi wote ule, akaweka beti hii bila maelezo:

Ishushe ifute vumbi, uitie na upepo,
Kuiendesha si dhambi, aloiacha hayupo,
Kutu haitaki ombi, hula chuma papo hapo,
Ya nini kuitundika, na njia zingali zipo.

Niliisoma nimesimama. Hakuniambia pole, hakuniambia nimeandika vizuri. Alinijibu. Alichukua kutu yangu akaifanyia kazi nyingine, akachukua ukuta wangu akauliza unafanya nini pale. Ukisifiwa unajua umesikika. Ukijibiwa kwa beti unajua mtu amekaa na maneno yako, akayageuza geuza, akatoa jasho kidogo kwa ajili yako. Jumamosi iliyofuata niliishusha baiskeli ukutani. Tyubu zote mbili zilikuwa zimeoza. Nikanunua mpya, nikatia na mafuta kwenye mnyororo, na sasa kijana wangu anaitumia kupeleka misumari kwa mafundi.

Kujibizana hivi hakukuanza na simu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa la kila mwezi, na washairi waliulizana na kujibizana humo. Fikiria: umetoa swali lako kwa vina, umelipeleka posta, kisha unangoja toleo lijalo, au la baada yake, kuona kama kuna aliyekujibu toka Kigoma au Lindi. Sisi tunajibiwa kabla chai haijapoa. Nilikuwa naona hiyo ndiyo sifa kubwa ya kundi letu. Siku hizi sina hakika.

Maana kuna binti alijiunga mwaka jana, mwanafunzi wa chuo. Akaweka shairi huru kuhusu kusubiri maji bombani saa kumi alfajiri. Halikuwa na vina, halikuwa na mizani, mistari mingine ina neno moja tu. "Ndoo." Mstari mzima. Ugomvi wa aina hii ni mkongwe. Tangu miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa mashairi yasiyofunga vina, watu wamegombana juu yake na hawajamaliza. Mimi sikuwa nayajua hayo. Nilichojua ni kwamba nimejifunza kuhesabu hadi nane na sasa namwona mtu ambaye hahesabu kabisa. Nikaandika, kwa dakika mbili hivi: "Hili si shairi, ni barua isiyo na bahasha."

Watu walicheka. Vicheko kumi na vinne, nilivihesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi yetu. Usiku ule binti akatoka kundini. Hakuaga, ni kiongozi tu aliyeona ile taarifa ya kijivu.

Asubuhi nikapata sauti ya faragha toka kwa mzee wa Pemba. Nilitegemea anisifu, kwa kuwa kama kuna mtu wa vina na mizani ni yeye. Akasema, "Mwanangu, wewe ulikuja kwetu na mguu saba, tukakuuliza bahasha?" Akakata. Sauti ya sekunde sita, fupi kuliko zote alizowahi kunitumia.

Binti angekuwa ameandika kwenye Mambo Leo, ningekuwa na mwezi mzima wa kuifuta ile kejeli kabla haijamfikia. Baada ya tukio lile kiongozi aliongeza sheria: jibu la kejeli lilale usiku mmoja kabla ya kuwekwa. Tangu hapo majibu ya kejeli yamepungua sana, na machache yanayopona usiku wao yamekuwa makali na mazuri zaidi. Mashairi huru yanapokelewa pia, siku ya Ijumaa, na mzee anayaghani kwa namna yake, ingawa analalamika hajui pa kupumua.

Kasoro nyingine nizipitie haraka. Picha za maua zenye "Asubuhi njema" zipo, hakuna kundi lisilo nazo. Wauza dawa za tumbo huingia wakatolewa. Msimu wa uchaguzi mashairi yote yanakuwa ya siasa na robo ya watu wanaacha kusalimiana. Kuna mtu alichukua beti zangu mbili akaziweka kundi jingine kwa lakabu yake. Nililalamika, akaniambia nishukuru zimesafiri. Kama unatunga kitu unachotaka kukichapisha, usikiweke kundini kizima. Weka beti mbili upate maoni, nyingine baki nazo.

Nani anafaa kujiunga na kundi la namna hii? Mwenye ngozi ngumu kiasi na muda wa kuwasomea wenzake. Hilo la pili watu hawalisemi. Kundi haliendi kama kila mtu anakuja kubandika na kuondoka; kwetu ukiweka beti moja bila kuwahesabia wenzako watatu, kiongozi anakukumbusha kwa upole, mara ya pili kwa ukali. Mwanzoni niliona ni mzigo. Baadaye nikagundua nimejifunza zaidi kwenye makosa ya wengine, kwa kuwa ya kwangu nilikuwa na haraka ya kuyatetea.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano niliitoa mimi mwenyewe, siku ile ya bahasha.

Na hilo nalo sikuliacha. Nilimuuliza mzee nimwombe binti radhi vipi, akasema, kwa beti, ujumbe mtupu haufai. Nikatunga siku tatu, safari hii nikaiacha ilale kila usiku. Nikaomba namba kwa kiongozi, naye akamuuliza binti kwanza, binti akakubali. Nikatuma. Alama mbili za bluu zikatokea, kisha kimya cha wiki mbili. Nikaanza kujiambia nimefanya sehemu yangu.

Jumapili iliyopita amejibu. Hakukuwa na salamu wala samahani imepokelewa. Ameandika tu: "Mshororo wa tatu, utao. Saba."

Utao ni kile kipande cha pili cha mshororo. Nikaufungua. Nilikuwa nimeandika "ulimi umeponza". Nikagonga kaunta kwa kidole, u, li, mi, u, me, po, nza. Saba kweli. Ilitakiwa "umeniponza". Niliyemsahau ni "ni".