Laptopu ya bumu: kabla ya kuuliza GB ngapi, uliza kama RAM inatoka

Bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi wa chuo, likitoka tu, malalamiko yanayonifikia huwa ya aina moja. La karibuni ni la binti wa mwaka wa pili, yuko Dodoma. Alinunua laptopu nyembamba, inang'aa, RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hukaa) GB 8, na muuzaji akamtuliza: "Mdogo wangu, wewe anza nayo, RAM utaongeza mbele ya safari." Mbele ya safari ilipofika, fundi akafungua skrubu za chini, akachungulia, akazirudisha moja moja bila neno. Hakuna sloti, yaani tundu la kuchomekea RAM. RAM yote imechomelewa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa mashine. Sasa anaandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo huku mashine ikiganda kila akifungua PDF mbili na Chrome kwa pamoja.

Kwa hiyo leo sigusi prosesa ipi ina kasi, skrini inchi ngapi wala rangi. Hayo kila muuzaji Kariakoo anayaimba kabla hujavuka kizingiti. Mimi nina swali moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: RAM inatoka au haitoki?

Watengenezaji wana sababu zao za kuichomelea. RAM za aina ya LPDDR hula umeme kidogo na zinaruhusu mashine kuwa nyembamba. Kuna prosesa za Intel za mwaka 2024, familia ya Core Ultra 200V, ambazo RAM imewekwa humohumo kwenye kifurushi cha prosesa: umenunua 16, utazikwa na 16. Kwa mtu anayebadilisha laptopu kila miaka miwili, sawa. Kwetu laptopu humsomesha dada, ikamsomesha mdogo wake, ikamalizia dukani kwa mjomba ikipiga hesabu za stoo. Tena RAM iliyochomelewa ikifa, hubadilishi pisi moja. Unatafutiwa mazabodi nzima, na bei ya mazabodi mnaijua.

Kujua ni kazi ya dakika moja, mashine ikiwa imewashwa mezani. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha Memory. Chini kulia kuna mstari umeandikwa Form factor. Ukiona SODIMM, ni RAM ya kuchomeka. Ukiona Row of chips, imechomelewa. Msidanganyike na mstari wa Slots used peke yake, maana hata RAM iliyochomelewa huweza kuhesabiwa pale kana kwamba ina sloti. Muuzaji akikwambia chaji imeisha na chaja haipo, rudi siku ambayo chaja ipo.

Sasa mpangilio wangu. Napendelea ThinkPad, sifichi, na anayetaka mizani iliyonyooka ashike njia nyingine.

Namba moja ni ThinkPad T480. Ni ya mwaka 2018, inakuja kwa wingi kama used, ina sloti mbili za RAM ya aina ya DDR4, na ina betri mbili: moja ndani, nyingine ya nyuma unaibandua na kubandika nyingine huku kazi inaendelea. Kwa mwenye kuijua hali ya umeme mitaani kwetu, hilo peke yake linatosha kuitwaa. Ina mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, hakikisha namba ya prosesa baada ya i5 au i7 inaanza na 8, maana zipo T480 zilizotoka na prosesa za kizazi cha saba na hizo Windows 11 haizitambui rasmi. Pili, sasisha programu ya ndani ya Thunderbolt, kidhibiti cha tundu la USB-C, siku hiyohiyo. Toleo la zamani lilikuwa na hitilafu iliyokuwa ikiua tundu la USB-C, na Lenovo wenyewe walitoa marekebisho. Tatu, soma jina mpaka herufi ya mwisho. T480s si T480. Ile s ndogo maana yake RAM nusu imechomelewa na sloti imebaki moja, na mawinga, wale madalali wa mtaani, wanauza zote mbili kwa jina moja.

Mwenye pesa ya kufungua boksi jipya, T14 Gen 5 ya 2024 ina sloti mbili za DDR5. Angalia hiyo Gen 5 kwa macho mawili, kwa sababu T14 zilizoitangulia, kuanzia Gen 1, zilikuwa na RAM iliyochomelewa, nusu au hata yote. Lenovo walirudisha sloti baada ya miaka, nami nawapa pongezi zao.

Namba mbili ni HP EliteBook 840 G5. Sloti mbili, inachaji kwa USB-C, na kifuniko cha chini kinafunguka bila vita. Sharti la prosesa kuanzia 8 ni lilelile. G3 msiguse hata mkiapiwa. Sloti inazo, lakini prosesa ni kizazi cha sita, Windows 11 haiitambui rasmi, na Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana ghafla G3 zimekuwa "ofa".

Namba tatu, Dell Latitude 5490 au 5400. Ni nzito kidogo, sloti mbili, hazina maringo. Basi.

Namba nne ni nusu kwa nusu: T490 na T480s. Nunua tu kama ile RAM iliyochomelewa ni GB 8 na zaidi.

Mwisho wanakuja walimbwende: MacBook Air, ThinkPad X1 Carbon, EliteBook x360 1030. Ndiyo, hata ThinkPad yangu nimeiweka huku. Hizi zote huongezi kitu. Ukizitaka, chukua 16 tangu dukani au achana nazo. MacBook Air yenye GB 8 kwa anayeanza chuo ni mapambo.

Zile laptopu mpya za bei rahisi zenye diski ya eMMC ya GB 64, hapana. Diski imechomelewa, RAM imechomelewa, na Windows 11 yenyewe inataka GB 64 kama kima cha chini.

Tuje kwenye RAM yenyewe. Isome stika. Ukikuta imeandikwa 8GB 1Rx8 PC4-2400T, PC4 ndiyo DDR4. PC3L ni DDR3 ya volti ndogo, PC5 ni DDR5, na haziingiliani hata ukisukuma, pengo la pale chini limekaa sehemu tofauti. Ile 2400 ni kasi. T480 inaishia hapo, kwa hiyo anayekubembeleza uongeze hela uchukue 3200 anakuuzia kasi ambayo mashine haitaitumia. Itafanya kazi, lakini kwa 2400 ileile. Na kama unataka 16, pisi mbili za 8 ni bora kuliko moja ya 16, hasa kwa sababu michoro ya skrini kwenye mashine hizi inakula RAM hiyohiyo na huenda kasi zaidi pisi mbili zikifanya kazi sambamba. Ila kama una ndoto za 32, anza na pisi moja ya 16, uache sloti wazi.

Mimi nachukua pisi used ya Samsung, SK Hynix au Micron iliyong'olewa kwenye laptopu nyingine kabla ya "mpya" yenye stika nisiyoijua. Ikifika nyumbani naipima usiku kucha kwa MemTest86, ni ya bure na inawashwa kutoka kwenye flashi.

Bei sasa. Tangu nusu ya pili ya 2025 RAM imepaa duniani kote, viwanda vinakimbilia kuzihudumia seva za akili mnemba, na Desemba mwaka huohuo Micron walitangaza kuacha kuwauzia wateja wa kawaida RAM za Crucial. Hilo nalielewa. Nisichokielewa ni duka moja, silitaji, ambalo T480 zake zilishuka kwenye mzigo na pisi mbili za 8, wakachomoa moja, wakaziuza kama "GB 8", halafu ile pisi ya pili wakaniuzia mimi pembeni kwa bei ya leo. Nilijuaje? Stika zilifanana mpaka wiki ya kutengenezwa. Nilipouliza, kaka wa watu akacheka: "Dada, biashara." Na risiti ya EFD ilikuja imeandikwa "laptop 1", bila modeli, bila RAM. Waranti ya hiyo utadai nini? Sasa silipi kabla modeli kamili na GB za RAM hazijaandikwa kwenye karatasi.

Baada ya RAM, hela iende kwenye SSD, diski isiyozunguka. Chukua aina ya NVMe, yenye kasi zaidi, kama mashine inaipokea, SATA kama haipokei. Hata SSD ya SATA inaiacha mbali sana diski ya zamani ya kuzunguka (HDD). Kisha chaja: wati 65, na iwe na uzito mkononi. Chaja nyepesi kupita kiasi mara nyingi ndani haina kitu, na inaweza kuja kuondoka na betri.

Flashi ya "TB 2" ya bei ya chipsi kuku ni feki. Inakubali mafaili yote, kisha hayafunguki. Ipime kwa H2testw kabla siku ya kurudisha haijapita.

Feni za kuwekea laptopu, raba za kufunika kibodi, mausi ya "bure" ambayo bei yake imeshaingizwa kwenye laptopu: ruka. Begi chukua la mtumba pale Karume, kagua zipu tu.