Kamba ya spana niliyonunua soko la Kibuye, baada ya miezi saba juu ya jukwaa

Nimefunga majukwaa ya mjengo hapa Kisumu miaka 11, na muda wote huo spana ilikaa mfuko wa nyuma wa suruali. Mwaka jana, kule Milimani, ikachomoka nikiwa ghorofa ya nne. Kijana wa mkono alikuwa chini akijaza mchanga kwenye karai. Helmeti alikuwa nayo, tena nzima, lakini spana ilimpata begani ikavunja mtulinga. Nilimkuta ameketi juu ya mfuko wa simiti, ameukumbatia mkono wake kama mtu aliyepakata mtoto, hasemi neno. Kitu kikianguka mita 12 hufika chini na mwendo wa karibu kilomita 55 kwa saa. Nilipiga hiyo hesabu usiku nikakosa usingizi.

Wiki hiyo nikaenda Kibuye nikanunua kamba mbili za kufungia vifaa, 750 kila moja. Ni mkanda wa nailoni wenye mpira ndani. Ukiwa umelegea ni mfupi, haukunasi miguuni; ukivutwa unapita mita moja. Upande mmoja una ndoano ya kujifunga kiunoni, wa pili una kitanzi cha kukaza kwenye kifaa. Lebo inasema mwisho kilo 2.5.

Kwa spana ya jukwaa yenye tundu mpinini, sina lalamiko. Kwa mwiko wa mwashi ni taabu: mpini ni laini, jasho likiingia kitanzi kinateleza. Mwenzangu alitaka kutoboa mpini wa nyundo yake ya mbao, nikamkataza, maana mpini uliotobolewa hupasukia pale pale. Tulizungushia utepe wa mpira kwanza, kitanzi kikakaa juu yake, na mpaka leo kimeshika.

Mwezi wa tatu nyundo ilinitoka mkononi. Kamba ikanyooka, ikairudisha, ikanigonga paja. Pakavimba, lakini chini hapakuumia mtu. Jioni niliikagua kwenye mwanga wa simu nikaona nyuzi tatu za mshono zimekatika karibu na ndoano. Niliitupa hiyo hiyo siku, na wewe fanya hivyo, usiionee huruma pesa yako. Jua letu pia linaimaliza nailoni; ile iliyobaki ilikuwa nyekundu, sasa imepauka, kwa hiyo nikishuka naiweka ndani ya gunia. Nyundo kubwa ya kuvunjia usiifunge kiunoni kabisa. Ifunge kwenye chuma cha jukwaa, la sivyo itakuvuta wewe.

Kitu kimoja katika duka nililonunua kamba hakikunifurahisha. Waliniletea helmeti wakisema ni mpya. Nikaigeuza, nikasoma ile duara ndogo ndani yenye mshale unaoonyesha mwezi na mwaka: 2013. Plastiki ya umri huo siwezi kumvisha mtu. Geuzeni kabla ya kulipa.

Mkandarasi nilimpelekea risiti. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na hakubisha. Amewanunulia kamba mafundi wote sita. Mkienda, chukueni yenye ndoano ya kukaza kwa kuzungusha. Ile ya kubana tu ilijifungua yenyewe mara mbili nilipoegemea nondo.