TAHADHARI: "Supachaja" za Hilux zinazouzwa Nakuru, Kisumu na Eldoret

Wenye pikapu za petroli, hasa Hilux 2.7 na 4.0, someni hii kabla hamjatuma hata shilingi. Kuna matangazo yanayozunguka ya "supachaja seti kamili, inafungwa siku moja, nguvu inaongezeka asilimia 40". Supachaja ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, ikisukuma hewa zaidi ndani ya injini. Muuzaji hana duka. Leo yuko Nakuru, kesho Kisumu, keshokutwa Eldoret, na mzigo utakuja kwa gari la parseli ukishatuma nusu ya bei. Kinachofika huwa ni kitu kimoja kati ya viwili: feni ya umeme, au pampu kuukuu iliyong'olewa kwenye Mercedes.

Si ajabu watu wananaswa. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na Mombasa. Injini ya petroli isiyo na tabo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa egzosi) inapoteza nguvu karibu kwa kiwango hicho hicho, na ukipanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit na mzigo nyuma, unaisikia. Supachaja ya kweli inatibu tatizo hilo. Mwaka 2008 TRD ya Australia, kitengo cha Toyota cha magari ya nguvu, iliuza Hilux ya V6 4.0 yenye supachaja ya kiwandani: nguvu ya kilowati 225 na msokoto wa Nm 453. Matapeli wanajua hilo, ndiyo maana feni zao zina stika ya TRD.

Tuanze na feni. Ni mota ndogo ya volti 12 ndani ya bomba la alumini au plastiki, inakaa kati ya kisafisha hewa na throto (mlango wa hewa ya injini). Kwenye video muuzaji anaichomeka kwa betri, inalia kama kipanga, kisha anafunika mdomo wake kwa glovu ya mpira na glovu inafura vidole vyote vitano. Watu wanapiga makofi. Glovu imefungwa upande mmoja, hewa haina pa kwenda, kwa hiyo hata pumzi ya mdomo wako ingeifurisha. Injini haijafungwa. Injini ya 2.7 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika inavuta karibu lita 5,000 za hewa kila dakika. Kuisukuma hewa hiyo yote hadi shinikizo la psi 7 kunahitaji zaidi ya kilowati 5. Kwa volti 14 hizo ni amp 350 na zaidi, wakati alteneta nyingi za pikapu hizi ziko kati ya amp 80 na 130.

Sasa angalia nyaya za hiyo feni. Ni nyembamba kama za honi, zina fyuzi ya amp 15. Amp 15 mara volti 14 ni wati 210. Hesabu imeishia hapo. Audi walipoweka kompresa ya umeme kwenye SQ7 ya 2016, ilibidi waweke mfumo mzima wa volti 48 na mota ya kilowati 7, tena pembeni ya tabo mbili. Feni ya wati 210 kwenye njia ya hewa haisukumi chochote ukikanyaga mafuta, inaziba. Na mapanga yake ya plastiki yakivunjika, yanaelekea moja kwa moja kwenye throto.

Video nyingine inaonyesha geji ya shinikizo kwenye dashibodi, sindano ikipanda. Itazame vizuri. Kama inatoka upande wa vakyumu na kusimama kwenye sifuri, hiyo ni injini yoyote ile ambayo throto yake imefunguliwa. Supachaja inavuka sifuri na kukaa juu yake.

Aina ya pili ndiyo inayowaumiza hata mafundi, kwa sababu ni chuma halisi. Ni supachaja za kampuni ya Eaton, M45 au M62, kutoka kwa Mercedes za Kompressor, C200 na wenzake, ambazo ziko tele kwa wanaochinja magari. Pampu zenyewe ni nzuri. Uongo uko kwenye "inaingia kwa Hilux yote". Namba ya Eaton za M ni ujazo wa hewa kwa mzunguko mmoja, kwa inchi za ujazo. M45 inatoa lita 0.74, M62 lita 1.02, M90 lita 1.47. Za TVS, aina mpya zaidi ya Eaton, ni rahisi zaidi kusoma: R1320 ni lita 1.32.

Injini ya 4.0 inavuta lita 2 kwa kila mzunguko wa kranki, 2.7 inavuta lita 1.35. Ukiweka M45 kwenye 4.0, lazima izunguke mara 2.7 kwa kila mzunguko wa injini ili ilingane tu na kile injini inachovuta yenyewe bila msaada. Ukitaka ongezeko la asilimia 40, inafika karibu mara 3.8, injini ikiwa 5,000 pampu iko 19,000, na haikujengwa kwa kasi hiyo. Itapasha hewa moto, beringi zitalia, mkanda utateleza. Kwenye 2.7, M62 inawezekana: puli ya uwiano wa karibu 1.9 inatosha. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji yeyote ni hili: inatoa lita ngapi kwa mzunguko, na puli ina kipenyo gani? Anayeuza supachaja na hajui jibu, anauza chuma chakavu.

Hata pampu ikiwa ya ukubwa unaofaa, bado si seti. Seti inayofanya kazi ina manifoldi iliyotengenezwa kwa ajili ya injini yako, vali ya kupitisha hewa kando ukiwa huna haja ya msukumo, mkanda mrefu na kikaza mkanda, injekta (vinyunyizio vya petroli) kubwa zaidi, mara nyingi pampu ya petroli yenye nguvu zaidi, kipozea hewa ikiwezekana, na programu mpya ya kompyuta ya gari. Kitu hicho cha mwisho ndicho kinachokosekana karibu kila mara, na ndicho kinachoua injini.

Inauaje? Hewa ikiongezeka na petroli isiongezeke, mchanganyiko unakuwa mkavu. Joto la silinda linapanda, petroli inajiwasha kabla ya wakati wake, injini inaanza kugonga. Uwiano wa mgandamizo wa 1GR-FE, ile injini ya V6 ya 4.0, tayari ni 10 kwa 1, kwa hiyo hata psi 6 haitaki mchezo. Taiming (wakati wa plagi kuwasha petroli) lazima irudishwe nyuma. Usipofanya hivyo, kinachovunjika kwanza ni kuta za pistoni kati ya ringi, halafu gasketi ya silinda hedi. Ubaya wake ni kwamba mjini hutajua. Ukizunguka Kenyatta Avenue au Kondele na mguu mwepesi, injekta za kiwandani zinatosha na gari linapendeza. Zinaishiwa ukiwa umekanyaga hadi chini, mlimani, na mzigo. Ndiyo sababu "utaijaribu mtaani kwanza kabla ya kulipa salio" si dhamana yoyote. Fundi wa kweli atafunga sensa pana ya oksijeni kwenye egzosi na kukuonyesha namba za mchanganyiko gari likiwa limebeba.

Seti za Tacoma, pikapu ya Toyota ya Marekani, ni kweli zipo, na huko mpya zinauzwa kwa maelfu ya dola kabla ya usafiri na ushuru. Ukiambiwa ni seti kamili kwa elfu sitini, jibu unalo. Tena zilipimwa kwa gari la usukani wa kushoto, na programu yake imeandikwa kwa kompyuta ya Tacoma, hata kama injini inaitwa 1GR sawa na yako.

Wa dizeli (injini za 1KD na 2GD za Hilux, 4JJ1 ya Isuzu D-Max): gari lako lina tabo tayari. Usiuziwe chochote cha aina hii.

Ukiamua kununua pampu ya mkono wa pili, nenda uishike. Ondoa mkanda, zungusha puli kwa mkono: izunguke laini, bila kukwama mahali pamoja. Mchezo kidogo wa kuzunguka ni kawaida, lakini ukiivuta puli juu na chini isicheze. Mulika tochi ndani ya mdomo. Rota (vyuma vinavyozunguka ndani) zikiwa na mikwaruzo, au ukuta umelika, beringi zimechoka na vyuma vinagusana. Mafuta yaliyoloa kwenye rota maana yake sili ya mbele imekwisha. Fungua kifuniko kidogo cha mafuta, kwa sababu pampu hizi zina mafuta yake, hazitumii ya injini. Yakitoka meusi yenye vumbi la chuma, achana nayo.

Kuhusu pesa: M-Pesa inakuonyesha jina kabla hujathibitisha. Jina la mtu binafsi lisilofanana na la "kampuni" inayotangaza, simamisha hapo hapo. Omba till, omba risiti yenye namba ya pampu, na usilipe posho ya "kusafirisha kutoka Mombasa".

Kama umeshatuma, mbio: tuma ujumbe wote wa M-Pesa kwa 456 kuomba irudishwe, maana ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kurudisha. Namba ya tapeli itume kwa 333, ni bure. Piga picha ya tangazo na mazungumzo yote kabla hayajafutwa, kisha nenda kituo cha polisi upewe namba ya OB (kitabu cha matukio). Madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanaingia Mahakama ya Madai Madogo. Ipo Nakuru na Kisumu, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi imalizwe kwa siku 60. Utahitaji jina halisi la unayemshtaki, na hilo liko kwenye ujumbe wako wa M-Pesa. Usiufute.