Ligi ya dojiboli Mombasa: sisi wa Likoni tuliambiwa tuhamie kisiwani

Nawaandikia nyinyi mnaofikiria kusajili timu msimu ujao, hasa mnaokaa ng'ambo ya kivuko, kusini mwa kisiwa: Likoni, Mtongwe, Shelly Beach, hata Ukunda. Kabla hamjatuma ada, someni kwanza yaliyotupata. Sitaeleza uwanja una mita ngapi wala jezi ni za kitambaa gani, hayo mtayapata kwenye simu zenu. Nataka niseme habari ya Jumapili moja, kusi lilipokuwa limeshaanza kupuliza, na ya mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti cha plastiki na kalamu nyekundu mkononi.

Timu yetu ni ya watu wa kawaida. Tuna dada anayekaanga viazi karai karibu na stendi, kijana wa tuktuk, mwalimu wa chekechea, mlinzi wa usiku ambaye hulala saa mbili tatu tu ndipo aje mechini, na mabinti wawili waliomaliza shule ambao bado wanatafuta kazi. Hakuna aliyekuwa amecheza dojiboli kabla ya ligi hii, mchezo wa timu mbili kurushiana mipira ya sponji, na anayegongwa anatoka. Lakini kati, ule mchezo wa watoto, tumeicheza sote tangu utotoni: mpira wa karatasi na uzi, mmoja huku, mmoja kule, nawe uko katikati unaruka. Dada wa viazi ameshapita miaka arobaini na kumgonga ni kazi. Anainama, anajipinda, mpira unapita. Mechi za mwanzo timu za kisiwani zilimcheka kwa kuwa anafunga leso kiunoni juu ya suruali ya michezo. Kicheko hakikumaliza seti ya kwanza.

Mchezo wenyewe nausifu bila kificho. Kinachoufanya mtamu ni kudaka. Ukidaka mpira kabla haujagusa chini, aliyeurusha anatoka, na mwenzako aliyekuwa nje anarudi. Kwa hivyo timu inaweza kubaki na mtu mmoja, watazamaji wameshaanza kukusanya mabegi yao, naye adake mara moja, adake mara ya pili, uwanja ujae tena. Nimeona mtu mzima akilia kwa furaha kwa sababu amerudishwa uwanjani na mdako wa binti wa miaka kumi na tisa.

Na nusu ya kwanza ya msimu hatukuwa na la kulalamikia, isipokuwa maji ya kunywa ambayo tuliahidiwa na hatukuyaona. Ramadhani ilipoingia, mechi zilihamishwa zikawa baada ya tarawehe, chini ya taa, na zile usiku zilikuwa raha. Watu walikuja na watoto, na kahawa tungu, na kaimati. Nilimwambia kila mtu mtaani kwamba hawa watu wa ligi wana utu na wanaujua mji wao.

Sasa Jumapili ile.

Mechi ilikuwa saa kumi alasiri. Tulikutana kivukoni mapema, sote, na jezi tumeshavaa. Mtu wa miguu havuki kwa kulipa, kwa hivyo jioni ya wikendi kivuko kinajaa mpaka huoni sakafu. Hilo tulilijua na tulilitengea muda. Tulipofika mbele, askari akafunga lango: meli ya makontena ilikuwa inaingia Kilindini. Yeyote aliyezaliwa pwani hii anajua mambo yalivyo. Mlango wa bandari ni mmoja na feri inaukata katikati. Meli kubwa ikiwa njiani haisimami kama tuktuk, kwa hivyo ni feri inayongoja. Ile ilipopita taratibu, nyuma yake nyingine ikawa inatoka. Tukasimama tena.

Nilimpigia mratibu wa ligi tukiwa bado upande wa Likoni. Hakushika. Nikamwandikia: tumekwama kivukoni, meli mbili, tuko njiani, tafadhali tuvumilieni. Tiki zikawa za buluu. Nikatulia, nikijua amesoma.

Tulipovuka tulipanda mbio ile ngazi ya abiria, tukagawana tuktuk, tukafika kwenye uwanja wa ile shule wanayoikodi kisiwani, upande unaopigwa na upepo wa bahari. Wapinzani wetu walikuwa uwanjani wanajinyoosha. Hakuna mechi nyingine iliyokuwa ikingoja nyuma yetu. Uwanja ulikuwa wetu mpaka magharibi.

Nikaenda kwa mratibu. Hakuinuka.

"Asalaam aleikum, kaka. Tumefika. Meli zilituzuia kule."

"Robo saa imepita. Nimeshaandika, wenzenu wamepewa pointi za mezani."

"Lakini nilikupigia. Nikakuandikia, na ujumbe umeusoma."

"Dada, ratiba haijui meli. Mngepitia Dongo Kundu."

Dongo Kundu! Nawaomba wasioijua njia hiyo wanisikilize. Utoke Likoni urudi nyuma mpaka Kibundani, ushike barabara ya Mteza na Mwache, utokezee Miritini, ndipo uanze kurudi kupitia Changamwe na Makupa uingie kisiwani. Barabara ni nzuri, sikatai, na kwa lori au kwa mgeni anayetoka uwanja wa ndege kwenda Diani imekuwa neema. Lakini sisi hatuna gari. Ni kubadilisha matatu na matatu, kwa nauli ambayo mlinzi wa usiku angeilipa kwa chakula cha jioni cha wanawe, ili tufike mahali ambapo feri inakufikisha kwa dakika chache. Mtu wa Mombasa anakwambia hivyo huku anakutazama? Hata kutazama hakunitazama. Alikuwa anapiga mstari kwa rula. Niliuona ule mstari kwa karibu: mwekundu, umenyooka, umepita juu ya jina la timu yetu na juu ya majina yetu yote, moja baada ya jingine, yale niliyomwandikia kwa mkono wangu siku ya usajili.

Kisha akaongeza, na hili ndilo lililonifanya nikae kuandika: "Kama kisiwani mwaona mbali, hamieni huku. Timu za ng'ambo kila siku ni visingizio."

Dada wa viazi alikuwa nyuma yangu. Akasema kwa upole kabisa, "Kaka, hebu rudia, sijakusikia vizuri." Hakurudia.

Mori ulinipanda. Visingizio gani? Hatukuwa tumechelewa hata mara moja kabla ya siku hiyo. Wanaochelewa nawajua, na wao hawavuki maji. Timu moja ya kisiwani ilisogezewa mechi nzima wiki nyingine kwa sababu nahodha wao alikuwa na harusi ya dadake. Niliunga mkono, kwani harusi ni harusi. Tarawehe nayo ilingojewa, na ndivyo inavyopaswa. Basi ratiba iliyoweza kuingoja harusi na kumngoja imamu imeshindwaje kuingoja meli, kitu ambacho kila mtu anakiona kwa macho kutoka bustani ya Mama Ngina? Maelfu kwa maelfu ya watu huvuka pale kila siku kwenda kazini kisiwani, na waajiri wao wanajua kivuko ni nini. Ligi ya burudani, ligi ya watu wanaorushiana sponji baada ya kazi, ndiyo ikawa kali kuliko ofisi?

Nilikuwa nimeshawageukia wenzangu niwaambie turudi. Ndipo nahodha wa wapinzani, kijana mmoja mtulivu sana, akaja akasimama mbele ya meza. Akasema, "Sisi pointi za mezani hatuzitaki. Twataka mchezo. Andika utakavyo, lakini tutacheza."

Mratibu akainuka sasa. Mjue aliinukia nini: mipira. Aliikusanya akaitia kwenye mfuko wa wavu, akaufunga, akasema mipira ni mali ya ligi. Akauweka chini ya kiti chake, akakaa.

Wale vijana hawakubishana naye. Wakatoa mipira yao ya mazoezi kwenye begi, mikuukuu, sponji imechanika pembeni, mmoja umefungwa kwa utepe mweusi wa fundi umeme. Tukacheza na hiyo, bila mwamuzi na bila kipenga.

Wallahi sijaona mchezo kama ule. Upepo ulikuwa unavuma kutoka baharini, na mpira wa sponji ni mwepesi, unaurusha kifuani kwa mtu unaishia begani kwa mwingine. Hakuna aliyemwambia mwenzake toka. Aliyeguswa aliinua mkono mwenyewe akatoka. Binti mmoja wa upande wao aliinua mkono nasi hatukuwa tumeona kitu, akatuonyesha: mpira ulimgusa ukosi wa jezi. Ukosi tu! Angebaki, nani angejua?

Seti ya pili tulibakiwa na dada wa viazi peke yake, na wao watatu. Wakapanga kumrushia kwa pamoja. Wa kwanza akaukwepa. Wa pili ulichukuliwa na upepo ukaenda zake. Wa tatu ulimjia chini, karibu na magoti, akauchota kwa mikono miwili akauvutia tumboni, akapiga goti moja, leso ikafunguka, na mpira haukuanguka. Mrushaji akaanza kutoka huku anampigia makofi. Mlinzi wetu akarudi uwanjani mbio, na seti ile tukaichukua. Ya mwisho walitushinda wao, kwa haki. Baadaye tulikaa sote pembeni ya uwanja na ndoo ya viazi karai na ukwaju aliokuja nao dada yetu, wala hakuuza hata kimoja siku ile.

Kwa hivyo tazameni nilivyo sasa. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeamua nyota moja na maneno ya kuwakataza kabisa. Nikifika hapa nashindwa. Wale vijana wa upande wa pili niliwapata kwenye ligi hiyo hiyo. Bila hiyo ligi nisingewajua, na dada wa viazi asingekuwa anasalimiwa kwa heshima na watu wa Tudor wasiojua hata jina lake. Hilo lina thamani, na ningewapa nyota nne kwa ajili yake.

Lakini acheni niwaeleze lililofuata, maana hasira yangu haikuishia uwanjani. Tulikata rufaa. Niliandika barua kwa adabu, nikaeleza muda niliopiga simu, nikaambatanisha picha ya ujumbe uliosomwa, na nahodha wa wapinzani akatia sahihi kwamba timu yake haidai zile pointi. Jibu lilikuwa sentensi moja: uamuzi wa ligi ni wa mwisho. Hakuna salamu, hakuna pole. Na msimu ulipofungwa, zile pointi za mezani ndizo zilizotunyima nusu fainali. Timu iliyopita badala yetu tulikuwa tumeifunga. Mabinti wetu wawili walikuwa wameshawaalika mama zao waje kuwatazama nusu fainali. Ikabidi wawaambie wasije, na kila mmoja akaulizwa nyumbani amekosa nini.

Basi nne nazirudisha. Uongozi naupa nyota moja na sibadilishi, hata mratibu akinipigia leo kuniomba radhi. Mchezo, wachezaji, zile usiku za Ramadhani, hivyo naviwekea nyota zote zilizopo. Mtajumlisha wenyewe. Ukiwa unakaa kisiwani, Tononoka au Majengo, jisajili tu, utafurahi, pengine hutakutana hata siku moja na upande niliouona mimi. Ukiwa wa ng'ambo, usitume shilingi kabla hujaandikiwa kwamba taarifa ya kivuko ikitumwa kabla ya saa ya mechi, timu inangojewa. Usikubali ahadi ya mdomo. Sisi tulikuwa na ahadi ya mdomo.

Wenzangu wanataka kurudi. Dada wa viazi ameshaanza kuchangisha, na kijana wa tuktuk ametoa sehemu yake kabla hajaulizwa. Mimi ndiye nahodha na nimewaambia pesa zikae kwanza. Nimeitumia ligi masharti mawili: hilo la kivuko, na kwamba angalau raundi moja ya mechi ichezwe Likoni, kwa sababu viwanja huku vipo na watu wa kutazama wapo, nao timu za kisiwani wavuke na jezi zao kama sisi. Mratibu naye avuke, na kiti chake. Wakiyakubali kwa maandishi, ada yetu wataipata siku hiyo hiyo.