M*A*S*H: nimehesabu Krismasi, hesabu imegoma

Nilinunua boksi zima la diski, misimu 11, nikaimaliza kwa miezi kadhaa, epsodi mbili tatu kila usiku watoto wakishalala. Mimi nina ugonjwa wa kuangalia kalenda zilizotundikwa nyuma ya waigizaji. Mke wangu ameshazoea.

Kwa asiyeijua, ni vichekesho vya madaktari wa jeshi la Marekani kwenye hospitali ya mahema, vita vya Korea. Vita vyenyewe vilianza Juni 1950, mapigano yakasimamishwa Julai 1953. Miaka mitatu na mwezi. Tamthilia ilirushwa kuanzia 1972 hadi 1983, kwa hiyo ilibidi muda uvutwe kama mpira.

Sasa sikilizeni. Kanali Potter, mkuu mpya wa kambi, anaripoti kambini msimu wa 4, na tarehe inatajwa kabisa: 19 Septemba 1952. Kutoka hapo hadi mwisho wa vita kuna Krismasi moja tu. Nilihesabu kwa vidole nikiwa kwenye kochi, Potter kala Krismasi tatu, na huenda nyingine ilinipita nikisinzia. Halafu msimu wa 9 wakaleta epsodi inayoanza 31 Desemba 1950 na kupitia mwaka wote wa 1951. Potter yumo mwanzo mwisho, wakati hata kuripoti bado! Nilirudisha nyuma mara mbili. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, angalia tu au ulale."

Kuna vidogo vidogo pia. Radar, yule askari kijana wa ofisini, amelala na kitabu cha katuni cha The Avengers kifuani, na hao walianza kuchapishwa 1963. Nywele ndiyo usiseme, ni za miaka ya sabini tupu, masikio hayaonekani. Hayo nasamehe.

Lililonikera ni familia. Mwanzoni Hawkeye, daktari mhusika mkuu, anawataja mama na dada yake nyumbani. Misimu ikisogea, mama alishafariki zamani na yeye ni mtoto pekee. Mke wa Henry Blake, mkuu wa kambi kabla ya Potter, aliitwa Mildred, mara akawa Lorraine, na hilo Mildred akaja kupewa mke wa Potter. Kukosea tarehe ni uzembe wa karani. Kumsahau mama wa mhusika mkuu, hapana.

Ila helikopta ni zenyewe, Bell za kioo cha mviringo, majeruhi wamefungwa kwenye machela nje, pembeni. Na chumba cha upasuaji hakina vile vicheko vya watazamaji vya kubandikwa kwenye sauti. Mtu anashonwa, hakuna anayecheka.

Ukinunua, ingia kwenye menyu ya sauti, uchague isiyo na vicheko kabisa. Mimi niligundua nikiwa msimu wa 3, nikaanza upya.

Nyota 4. Ya tano nimeishikilia hadi nielezwe mama yake Hawkeye alienda wapi.